Mliofanya fildi (mafunzo kwa vitendo) ya sheria kwenye startapu (kampuni changa), tupeane uzoefu

Mwaka_wa_Tatu: Wakuu, habari za jioni. Leo mwenye kampuni ninakofanyia fildi hapa Sayansi, Kijitonyama, kanitambulisha kwa mwekezaji: "Huyu ndiye mwanasheria wetu." LLB, shahada ya sheria, yenyewe sijamaliza, nina wiki ya tano tu, na ofisini hakuna mwanasheria mwingine wa kumuuliza. Kesho kutwa nakabidhi rasimu ya mkataba wa wanahisa. Mliopita huku, yaliwakuta yapi?

Mama_Vifungu: Umenikumbusha mbali, mdogo wangu. 2019, kampuni ya kusambaza mizigo kwa bodaboda, Sinza. Bosi alinifuata saa kumi na moja jioni, begi langu liko begani. "Andika barua ya kumwachisha kazi yule wa IT, aipate leo." Kosa? "Haendi na kasi yetu." Nikaingia mtandaoni, nikachukua sampuli ya Marekani inayosema mwajiri anaweza kusitisha ajira wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu. Nikabadilisha jina na tarehe. Ukurasa mmoja. Jamaa aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Haukupita mwezi, samansi ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, ikaja. Tukaenda mimi na bosi. Msuluhishi, mama mtu mzima, akaitandaza ile barua mezani, mikunjo yake bado inaonekana. "Wito wa kikao cha nidhamu uko wapi? Muhtasari wa kikao?" Bosi akanigeukia mimi. Jamaa alikuwa na miezi 14 kazini, kwa hiyo hata pa kujifichia, kwamba hajafikisha miezi 6 ya kulindwa na sheria, hapakuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, na enzi hizo fidia haikuwa chini ya mishahara ya miezi 12. Tukaelewana kwenye usuluhishi, akalipwa miezi 4. Tulipotoka koridoni jamaa akanipa mkono: "Dada, wiki ile mke wangu alikuwa anakaribia kujifungua." Hiyo ndiyo iliyonibaki. Tangu siku hiyo sigusi sampuli kabla sijajua imeandikwa chini ya sheria ya nchi gani.

Kijana_wa_Kimara: Dah. Barua inakunjwa mara nne na wewe unaangalia.

Hoja_Nzito: Pole dada. Lakini mwanafunzi hapaswi kugusa nyaraka hizo. Kusomea sheria si kuwa wakili aliyesajiliwa!

Mzee_wa_BRELA: Mkuu, unachanganya mambo. Sheria ya Mawakili inambana asiye na sifa anayeandaa nyaraka kwa ujira. Mwanafunzi akiandika rasimu, wakili akaipitia na kuisaini yeye, kosa liko wapi?

Hoja_Nzito: Na wa kuipitia asipokuwepo? Mleta mada kasema yuko peke yake. Soma kwanza ndipo ujibu.

Mzee_wa_BRELA: Nimesoma, punguza ukali. Mleta mada, kabla ya kuandika mstari hata mmoja, omba taarifa za kampuni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Nilipofanya fildi, waanzilishi watatu waliniapia wamegawana hisa kwa asilimia 40, 30, 30. Kwenye mfumo ilikuwa 90, 5, 5. Mmoja alilia mbele yangu, miaka miwili anafanya kazi bila mshahara kwa ajili ya hizo 30.

Wa_Nairobi: Usisahau taarifa za wateja. Huku Kenya, mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nilimwonyesha mkurugenzi habari hiyo, picha za wateja zikaondoka kwenye tangazo siku hiyohiyo.

Mama_Vifungu: Na huku tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Isome.

Mwenye_Kampuni: Niseme kwa upande wetu waajiri. Tunachukua wanafunzi kwa sababu wakili wa kudumu hatumudu. Mimi namlipa wakili wa nje apitie rasimu zote mara moja kwa mwezi, na mwanafunzi anakaa naye. Asiyefanya hivyo anamwonea mtoto wa watu.

Kijana_wa_Kimara: Usisaini chochote. Na nauli udai mapema.

Mzee_wa_BRELA: Anaweza kusaini kama shahidi, aandike chini "mwanafunzi, mafunzo kwa vitendo". Mkataba ukishasainiwa, ukumbushe ushuru wa stempu, mahakamani usiolipiwa haupokelewi.

Hoja_Nzito: Hata ushahidi asisaini. Nasimama hapo.

Kijana_wa_Kimara: Mama_Vifungu, yule wa IT yuko wapi siku hizi?

Mama_Vifungu: Namba yake ninayo. Sijawahi kupiga.

Mwaka_wa_Tatu: Wakuu, nimepata taarifa za BRELA. Mwanzilishi wa tatu, yule anayekaa meza ya jirani yangu, hayumo kabisa. Namwambia nani kwanza?

Mwenye_Kampuni: Bosi wako, kwa maandishi, usiku huu. Nakala mtumie msimamizi wako wa chuo.

Mama_Vifungu: Usiku huu, mdogo wangu. Usingoje mwekezaji arudi.