Tovuti ya chama chetu haionekani vizuri kwenye simu za wanachama: naomba ushauri

Katibu wa Kondele
Wanajukwaa wenzangu, hamjambo. Mimi ni katibu wa chama cha akina mama wauza samaki hapa Kisumu. Kwa miezi miwili nimekuwa nikijifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, usiku, baada ya kufunga kibanda, na nimetengeneza tovuti ndogo yenye kurasa nne. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kiko sawa, lakini tangu nilipoipakia kwenye seva, wenzangu wanaona maandishi madogo mno na visanduku vitupu mahali pa picha. Mkutano mkuu ni Jumamosi, na mwenyekiti amekwisha kutangaza kwamba tutaizindua siku hiyo. Sipati usingizi. Nisaidieni.

Fundi wa Section 58
Dada, fungua msimbo uangalie anwani za picha. Zikianza na C:\Users, unaiambia simu ya mwenzako itafute picha iliyo ndani ya kompyuta yako, na haitaipata kamwe. Andika njia inayoanzia kwenye folda ya tovuti, kwa mfano picha/ngege.jpg. Linganisha na herufi pia: Windows haijali ukiandika Ngege.JPG au ngege.jpg, lakini seva nyingi hutumia mfumo mwingine, Linux, na huko hayo ni majina mawili tofauti. Kuhusu maandishi madogo, nadhani hukuweka lebo ya meta ya viewport. Isipokuwepo, simu huuchora ukurasa kana kwamba skrini yake ni pana kama ya kompyuta, kisha huusinyaza.

Mwalimu Mstaafu
Binti yangu, uzinduzi hutangazwa baada ya majaribio, si kabla. Nilipokuwa kazini nilitengeneza ukurasa wa matokeo ya mitihani, nikakosea alama za darasa zima, nikazisahihisha na kuondoka nikiwa nimeridhika. Vivinjari vya wazazi vilikuwa vimehifadhi nakala ya zamani, nao waliendelea kuiona kwa siku kadhaa. Mzazi mmoja alikuja shuleni akilia. Tangu siku hiyo sijaamini ukurasa wowote ambao sijaufungua kwenye kifaa cha mtu mwingine.

Binti Kakamega
Umesema kurasa nne. Ya kwanza bila shaka ni mwanzo, nyingine bei, nyingine mawasiliano. Ya nne ni ya nini?

Katibu wa Kondele
Asante, Fundi, picha tatu zimeonekana. Ukurasa wa nne ni wa wanachama tu, na haukuwa sehemu ya swali langu.

Binti Kakamega
Una nini ndani yake?

Katibu wa Kondele
Majina, nambari za simu, nambari za vitambulisho na michango ya kila mmoja. Mweka hazina ndiye aliyeutaka, ili kila mtu ajionee hesabu na manung'uniko yaishe. Nimeufunga kwa nywila niliyoiandika kwa JavaScript, lugha inayoendeshwa na kivinjari, ndani ya ukurasa wenyewe, na sikuuwekea kiungo popote. Wanachama 42 wamekwisha kupewa nywila hiyo. Nikibadilisha sasa watasema nimewachezea.

Fundi wa Section 58
Dada, hapo ndipo penye tatizo lako, si kwenye picha. Seva hutuma ukurasa mzima, orodha ikiwemo, kabla kivinjari hakijauliza nywila. Yeyote atakayechagua kutazama msimbo wa ukurasa ataisoma nywila na orodha vyote pamoja. Kukosa kiungo hakuufichi ukurasa; kunachelewesha tu siku utakapopatikana. Na nambari ya kitambulisho ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mkaguzi
Samahani, sikiamini kisa hiki. Mtu anayeweza kuandika nywila kwa JavaScript anashindwaje na njia ya picha? Hili ni zoezi la chuo, na mwenye zoezi anataka tumfanyie.

Mwalimu Mstaafu
Hata mimi nimeanza kujiuliza. Wanafunzi wangu walikuwa na mbinu hizo.

Binti Kakamega
Mimi namwamini. Nilipoanza, nilinakili misimbo mirefu nisiyoielewa hata mstari mmoja, na kumbe sikujua folda ni nini.

Katibu wa Kondele
Mkaguzi, nywila ile niliinakili kutoka kwenye somo. Sikuiandika kwa akili yangu. Nafasi kwenye seva nimeilipia kwa pesa zangu za omena. Niliposoma maneno ya Fundi nilikwenda saiba, yaani duka la intaneti, nikaufungua ukurasa kwenye kompyuta ya huko, na bila kuandika nywila nikatazama msimbo wake. Mstari wa saba ulikuwa na nambari ya kitambulisho ya mama yangu mzazi. Nimeifuta faili hiyo kwenye seva nikiwa hapo hapo, na sasa anwani yake inaleta kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani, hata kwenye simu ya mwenye saiba.

Mkaguzi
Niwie radhi, dada.

Fundi wa Section 58
Umefanya vyema. Jumamosi zindua kurasa tatu, na hesabu za michango zisomwe mkutanoni kutoka kwenye daftari. Mweka hazina umemwambia?

Katibu wa Kondele
Bado. Ninakwenda kwake sasa hivi, kabla hajafunga kibanda.