Yule mtoto aliyebebwa kwenye picha ya Soweto ni nani?

Mama Likoni: Jamani mwanangu wa gredi ya sita kapewa kazi ya Siku ya Mtoto wa Afrika, yuwaniuliza huyu aliyebebwa ni nani na kwa nini alipigwa risasi, nisaidieni

Ticha Kisauni: Ni Hector Pieterson dadangu, 16 Juni 1976 huko Soweto, Afrika Kusini. Wanafunzi waliandamana kukataa kusomeshwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, polisi wakawamiminia risasi, watoto wa shule jamani!! Aliyembeba kavaa ovaroli ni Mbuyisa Makhubo, na huyo akimbiaye ubavuni kainua mkono ni dadake Hector, Antoinette

Mama Likoni: Subhanallah. Alikuwa na miaka mingapi?

Ticha Kisauni: 12

Abuu Majengo: Mpiga picha Sam Nzima aandikwe pia, polisi walimwandama mpaka akaacha kazi ya gazeti