Nina alama 791 za mikopo hapa Marekani, sijawahi kuchelewesha deni hata siku moja, wamenikataa halafu wakaniambia HONGERA

MtotoWaTatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimekata simu dakika 10 zilizopita na nisipoandika hapa nitapasuka.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mtoa kadi za mkopo, wa bahasha. Ukihama nyumba, yeye anafika kabla ya masanduku yako. Barua alizonitumia kwa miaka hii miwili ukizibandika pamoja unaezekea nyumba na banda la kuku juu yake. Zote zina neno lilelile kwa herufi za kutisha: TUMEKUCHAGUA. Mume wangu alinichumbia mara moja tu tukaoana. Huyu amenichumbia kila Jumanne.

Basi wiki iliyopita nikasema haya, posa nimeikubali. Nikakaa mezani usiku watoto wamelala, nikajaza fomu yao ya kadi ya mkopo: kipato, kodi ya nyumba, mwajiri, kila kitu. Nikabonyeza. Wakuu, sikuwahi hata kuinua kidole kwenye kitufe. HAPANA. Mbu akitua mkononi anakufikiria kwa muda mrefu kuliko hapo.

Leo barua imefika. Sikilizeni. Barua hiyohiyo inayonikataa imeandika alama zangu, kwa mkono wao wenyewe: 791, kipimo kinaanzia 300 hadi 850. Chini yake sababu: matumizi yangu ya mikopo niliyonayo ni MADOGO MNO. Yaani nimekosa kwa sababu sidaiwi! Nina kadi moja ya miaka 9, ukomo wake dola 6,000, natumia kama dola 180 kwa mwezi na nalipa zote kabla ya tarehe. Miaka 9! Nimelipa nikiwa na homa. Nimelipa nikiwa wodini nimetoka kujifungua, mtoto mkono huu, simu mkono huu.

Nikapiga simu. Muziki dakika 40. Akaja dada mmoja, sauti laini kama anabembeleza mtoto, akafungua faili langu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Naona alama zako ni nzuri sana. Hongera!"

Hongera.

Nikadhani wamegundua kosa, moyo ukapanda. Akaendelea: "Ila ombi lako halikupita."

Wakuu, HONGERA YA NINI? Mtu anakufungia mlango usoni halafu anakupigia makofi kwa ndani? Kukataliwa ningevumilia. Hiyo hongera sitaisahau hata nikizeeka.

Kisiki_cha_Mpingo

Nimekaa siti ya mbele. Endelea mkuu.

Jirani_Mwema

Pole sana ila hapo kwenye "hongera" nimecheka mpaka nimepaliwa.

Hesabu_Hazidanganyi

Hii chai. Mwenye 791 hakataliwi. Kuna kitu unatuficha. Umekopa wapi?

MtotoWaTatu

Sijakopa popote! Barua ninayo hapa mezani! 791! Wao ndio wameiandika, siyo mimi! Na huyo dada aliiona kwa macho yake ndiyo maana akasema hongera! Mtu hapewi hongera kwa alama mbaya!

Karani_Mstaafu

Dada, tulia kwanza. Nimefanya kazi na mafaili ya mikopo hapahapa Marekani kwa miaka mingi, nikueleze.

Alama zenyewe, hizi za kampuni ya FICO zilizoanza kutumika mwaka 1989, zinapima kitu kimoja tu: uwezekano wa wewe kuchelewesha deni. Asilimia 35 ni namna ulivyolipa huko nyuma, asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, 15 ni umri wa historia yako, 10 mikopo mipya, 10 aina za mikopo. Kipato chako hakimo humo hata kidogo. Kwa hiyo mkopeshaji anachukua alama, halafu anaweka na vigezo vyake: kipato, kodi unayolipa, kadi ngapi umefungua karibuni, una akaunti kwao au huna. Alama ni tiketi ya kuingia uwanjani, kupangwa kwenye timu ni jambo jingine.

Na hiyo "tumekuchagua" maana yake walinunua orodha ya watu wenye alama fulani, jina lako likawemo. Ofa yenyewe ina masharti, yameandikwa upande wa pili kwa maandishi madogo. Ukiomba ndipo wanafungua faili zima.

MtotoWaTatu

Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu, lakini hujanijibu. Hongera ya nini?

Karani_Mstaafu

Marahaba. Hilo la hongera sina jibu lake.

Kisiki_cha_Mpingo

"Hilo la hongera sina jibu lake" 😂😂 Uzi ufungwe.

Chumvi_Kidogo

Mleta uzi, ukweli mchungu: wewe huna faida kwao. Unalipa zote kila mwezi, riba hawapati kwako hata senti. Wanaishi kwa riba na ile ada wanayomkata mwenye duka kila ukipitisha kadi. Dola 180 kwa mwezi, ada yake haitoshi hata kununua stempu za zile bahasha. Wewe ungekuwa mfanyabiashara ungemtaka mteja kama wewe?

MtotoWaTatu

Kwa hiyo nikope hovyo ndiyo nipendwe? Tangu tumeingia nchi hii tunaambiwa lipa kwa wakati, lipa kwa wakati, usiguse zaidi ya asilimia 30 ya ukomo, jenga jina. Nimejenga! Miaka 9 nimejenga! Leo naambiwa jengo zuri, hongera, sasa lala nje. Na bado wamenikagua faili, rekodi ya huo ukaguzi inakaa kwenye ripoti yangu ya mikopo miaka 2. Wamenikataa NA wameniachia kovu!

Hesabu_Hazidanganyi

Inakaa miaka 2 lakini FICO inahesabu miezi 12 tu, na ukaguzi mmoja kwa kawaida unashusha pointi chache. Acha kulia.

MtotoWaTatu

Dakika mbili zilizopita ulisema ni chai. Sasa umeshakuwa mhasibu.

Wakili_wa_Mtaa

Kabla ya matusi, dada, fanya haya leo. Barua hiyo usiitupe. Sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika mikopo inawalazimu kukujibu ndani ya siku 30 tangu ombi likamilike, na una haki ya kujua sababu halisi. Siyo "hukukidhi vigezo vyetu" halafu basi. Na sheria ya 1970 ya taarifa za mikopo inakupa ripoti bure kutoka ofisi ya taarifa za mikopo iliyotajwa kwenye barua, ukiomba ndani ya siku 60. Ofisi ziko tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na mafaili yao hayafanani. Mkopeshaji huenda aliangalia moja tu. Halafu piga simu tena, safari hii omba kitengo cha kuangalia upya maombi yaliyokataliwa. Huduma kwa wateja hawana mamlaka hayo.

Jirani_Mwema

Akipiga tena atapewa hongera ya pili.

MtotoWaTatu

@Wakili_wa_Mtaa asante sana ndugu yangu, wewe peke yako umenisaidia. Nitapiga kesho. Leo nikipiga nitasema maneno ambayo watoto hawajawahi kunisikia nikiyasema.

@Jirani_Mwema ningekuona ana kwa ana.

Mfuko_Mtupu

Nyie mna shida za matajiri. Mimi nina 540, nalia tu nikisoma huu uzi. Mtu ana 791 anapiga kelele. Nipe 200 tu nikuachie hizo 591 zako.

Ghorofa_ya_Saba

Kama ni kukataliwa, mimi ndiye bingwa. Niliomba mara tatu sehemu tatu tofauti ndani ya wiki moja, zote hapana, hakuna hata aliyetaja alama zangu. Nikahisi nimekufa sijui. Kumbe miaka miwili kabla nilizuia mafaili yangu yasifunguliwe, baada ya taarifa zangu kuibiwa, nikasahau kabisa. Mkopeshaji anagonga, faili limefungwa, anaondoka. Kufunga na kufungua ni bure kwa sheria tangu 2018, unaingia tu kwenye tovuti za zile ofisi tatu. Mimi nililia wiki nzima kwa kufuli niliyoiweka mwenyewe.

Karani_Mstaafu

Hili hutokea sana. Lakini kwa mleta uzi silo, maana barua yake imeonyesha alama. Faili lingekuwa limefungwa, alama wasingezipata.

MtotoWaTatu

Halijafungwa. Walilifungua, wakalisoma, wakalipenda, wakanipa hongera.

Baba_na_Mwana

Wakuu samahani kwa mleta uzi lakini afadhali yako. Mimi na marehemu baba yangu tuna jina moja, herufi kwa herufi, na tuliishi anwani moja. Mafaili yetu yalichanganywa. Nina umri wa miaka 31, kwenye ripoti ninaonekana nilinunua gari kabla sijazaliwa. Deni la mzee la hospitali liko kwangu. Nimekataliwa nyumba mbili za kupanga, nimekataliwa simu ya mkataba. Na kila nikiwapigia wananiuliza: "Wewe ni baba au mtoto?" Nawaambia baba amefariki. Wananijibu: "Faili linaonyesha yuko hai." Wakuu, nilikata simu nikakaa kimya kwenye gari nusu saa.

Chumvi_Kidogo

Duh. Hii imenigusa. Pole sana mkuu.

Wakili_wa_Mtaa

Hiyo ni kesi halisi, ndugu. Usipige simu, andika. Peleka pingamizi kwa kila ofisi kati ya hizo tatu kivyake, ambatanisha kitambulisho chako, namba yako ya hifadhi ya jamii, na nakala ya cheti cha kifo cha mzee. Tuma kwa barua ya rejesta ubaki na risiti. Wanatakiwa kuchunguza ndani ya siku 30, na katika hali chache zinafika 45. Wakishindwa kuthibitisha kwamba deni ni lako, wanalifuta. Wakipuuza, sheria hiyohiyo ya 1970 inakuruhusu kuwashtaki.

Mfuko_Mtupu

Kwamba gari lilinunuliwa kabla hajazaliwa na mashine ikaona sawa tu?

Baba_na_Mwana

Ikaona sawa. Ndiyo akaunti yangu yenye umri mkubwa kuliko zote. Inanipandishia alama, hapo ndipo penye uchungu. Nikiifuta, nashuka.

Hesabu_Hazidanganyi

Usiifute! Acha hiyo, futa la hospitali tu!

Wakili_wa_Mtaa

Usimsikilize. Ukisema faili limechanganywa, unasema lote. Huwezi kuchagua urithi wa gari ukakataa wa hospitali.

Hesabu_Hazidanganyi

Nani kasema? Deni likibaki linakaa miaka 7 pale. Gari ni la babaye, alama ni za familia.

MtotoWaTatu

Jamani, tuko wapi? Huu uzi ni wa ile hongera. Nimeisoma tena barua, wamemalizia: "Tunathamini nia yako." Nia!

Ghorofa_ya_Saba

@Baba_na_Mwana hebu tuambie, gari lenyewe lilimalizwa kulipwa? Likiwa limelipwa na akaunti ikafungwa vizuri, inaweza kukaa kwenye ripoti mpaka miaka 10 tangu ifungwe, halafu inatoka yenyewe.

Baba_na_Mwana

Hapo ndipo pa ajabu. Inaonyesha bado iko wazi.

Mfuko_Mtupu

Gari la zaidi ya miaka 31 bado linalipiwa 😭 hilo ni gari au treni?

Karani_Mstaafu

Huyo aliyeacha akaunti wazi ni mkopeshaji, siyo ofisi ya taarifa. Mwandikie na yeye pingamizi, moja kwa moja. Nimeona faili la mtu akiwa na ndoa tatu za kaka yake.

Kisiki_cha_Mpingo

Ndoa tatu! Mzee, fungua uzi wako.

Jirani_Mwema

Mimi naomba kuuliza kando kidogo. Nina kadi ya zamani, ya tangu nikiwa chuo, siitumii kabisa, sasa wameanza kunikata ada ya mwaka. Nikiifunga nashuka alama?

Chumvi_Kidogo

Unashuka. Umri wa historia unakufa siku hiyohiyo.

Karani_Mstaafu

Hapana, umri haufi siku hiyo. Kadi iliyofungwa bila deni inaendelea kuhesabiwa mpaka itoke kwenye ripoti. Kinachopungua ni jumla ya ukomo wako, kwa hiyo deni lilelile kwenye kadi nyingine linaonekana kubwa zaidi. Kabla ya kufunga, waombe wakuhamishie kwenye kadi yao isiyo na ada. Wengi hukubali, na akaunti inabaki na umri wake.

Hesabu_Hazidanganyi

Hapo mzee umenena. Usifunge, hamisha.

Chumvi_Kidogo

Mimi nasema unashuka. Nilishuka pointi 30 nilipofunga yangu.

Karani_Mstaafu

Ulikuwa na deni kwenye nyingine?

Chumvi_Kidogo

Lilikuwepo kidogo.

Karani_Mstaafu

Kiasi gani?

Chumvi_Kidogo

Dola 4,000.

Hesabu_Hazidanganyi

"Kidogo."

Jirani_Mwema

Wakuu asanteni, lakini nimeshaifunga asubuhi.