Kingamwili za Mycoplasma pneumoniae: kadi ya haraka, ELISA au chembe za jelatini?

Kizota_Maabara
Habari wakuu. Tupo Dodoma mjini, na madaktari wanazidi kuomba kipimo cha Mycoplasma (bakteria wa nimonia) kwa wagonjwa wenye kikohozi kikavu ambao amoksisilini haikufua dafu. Wauzaji wametuletea aina tatu: kadi ya haraka ya IgM (kingamwili za mwanzo), ELISA (kipimo cha sahani kinachosomwa kwa mashine) ya IgM na IgG (kingamwili zinazofuata), na chembe za jelatini zilizopakwa antijeni, yaani sehemu za bakteria, ambazo hugandana kwenye sahani zikikutana na kingamwili. Tuchukue ipi? Na kile kipimo cha zamani cha kugandana kwa baridi (chembe nyekundu za damu kushikana kwenye baridi) bado kina kazi?

SeramuMbili
Mkuu, kabla ya aina ya kipimo, fomu ya maombi iwe na tarehe dalili zilipoanza. IgM huanza kuonekana karibu siku ya 7. Ukipima siku ya 4, hata ELISA ya bei mbaya itakupa hasi. Mtu mzima aliyewahi kuambukizwa huenda asitoe IgM kabisa, ipande IgG tu. Na IgM ikishatoka hubaki miezi, kwa hiyo kadi chanya leo inaweza kuwa inasimulia kikohozi kilichokwisha kupona.

Ushahidi wa kueleweka ni seramu (majimaji ya damu iliyoganda) mbili: ya kwanza siku anapofika, ya pili baada ya wiki 2 hadi 4. Ile ya kwanza igawe kwenye vijichupa vidogo na kuigandisha nyuzi -20, maana umeme ukikatika na kurudi, seramu inayoyeyuka na kuganda tena na tena huharibika. Zipime zote mbili siku moja, sahani moja. Seramu huzimuliwa nusu kwa nusu, kishimo hadi kishimo, na jibu ni uzimuaji wa mwisho ulio chanya. Unatafuta ongezeko la mara nne, mfano 1:40 kwenda 1:160. Kutoka 1:40 hadi 1:80 ni kishimo kimoja tu, na kishimo kimoja ni kosa la kawaida la pipeti.

Nkuhungu_ELISA
Naongezea kuhusu vifaa vyenyewe. Chembe za jelatini hazihitaji mashine ya kusoma, lakini zinahitaji jicho na meza isiyotikisika. Chembe zisizogandana hukusanyika katikati ya kishimo kama kitufe chenye ukingo laini. Zilizogandana hutandazika kama zulia jembamba. Usiweke sahani karibu na sentrifuji, kitufe kitavurugika. Kila seramu iwe na kishimo cha chembe tupu zisizo na antijeni: hicho nacho kikigandana, jibu halisomeki mpaka uifyonze seramu kwanza (kuondoa kinachoshika chembe tupu). Kipimo hiki hukamata zaidi IgM, ila hakitenganishi IgM na IgG.

ELISA hutenganisha, lakini namba zake si uzimuaji. Uniti 20 kupanda hadi 80 usiziite "mara nne" hivi hivi; fuata maelezo ya kiti (seti ya kipimo). Viti vya kampuni mbili pia havilinganishwi: kimoja hutumia protini ya P1 (protini moja tu ya bakteria huyu), kingine mchanganyiko wa bakteria mzima. Na kwenye IgM chunga faktari ya rumatoidi (kingamwili inayoshika IgG ya mwili wenyewe), hung'ang'ania IgG iliyonaswa sahanini na kukupa chanya ya uongo. Kiti kizuri huja na kimiminika cha kufyonza IgG kwanza. Kama hakina, mimi nisingekinunua.

Kadi? Ya kuwahi kliniki tu. Hasi yake haifuti kitu.

Ipagala_FBP
Kugandana kwa baridi: si mahususi, kwani virusi na magonjwa mengine ya damu huleta hali hiyo hiyo, na wagonjwa wengi wa Mycoplasma hawaionyeshi. Ukiamua kukifanya, mrija usipite kwenye friji kabla ya kutenga seramu. Kwenye baridi kingamwili hujishika kwenye chembe nyekundu za mgonjwa mwenyewe, unazungusha na kuzitupa, halafu unapata hasi. Weka mrija nyuzi 37 mpaka seramu itoke.

Asubuhi za Julai hapa Dodoma, FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) yenyewe hukupa dokezo: idadi ya chembe nyekundu ipo chini isivyolingana na himoglobini, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) na MCHC (wingi wa himoglobini ndani yake) zimepanda kupita kiasi. Pasha mrija nyuzi 37 kwa nusu saa, rudia. Namba zikijirekebisha, mpigie daktari.

Kizota_Maabara
Asanteni. Na daktari anayetaka jibu leo ili aamue dawa?

SeramuMbili
Huyo mwambie PCR (kipimo cha vinasaba vya bakteria) ya usufi wa koo, kama mnaweza kuituma. Seramu ya pili huja mgonjwa ameshapona. Kama PCR haipo, aamue kwa dalili: bakteria huyu hana ukuta wa seli, ndiyo maana amoksisilini haimgusi. Azithromaisini au doksisaiklini ndiyo hutumika, kwa kuangalia umri na ujauzito.

Lakini kikohozi kikifika wiki mbili, makohozi yaende GeneXpert (mashine ya kupima TB) kwanza. Na muuzaji akiwaletea kadi ya kingamwili za TB, mrudishieni. WHO ilishakataa vipimo hivyo kwa TB hai tangu 2011.