Deni moja limeandikwa mara tatu kwenye ripoti yangu ya mikopo: nipinge mstari upi?

MtangaWaOhio ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio, na tumeanza taratibu za kuomba mkopo wa nyumba. Wiki iliyopita afisa mikopo alituita, akatuonyesha kwamba kwa mujibu wa ripoti yangu ninadaiwa dola 7,292. Nilishtuka sana, kwa sababu deni ninalolijua ni moja tu, la kadi ya mkopo niliyoacha kuilipa Machi 2021 nilipopunguziwa saa za kazi, nalo lilikuwa dola 2,340. Deni hilo silikatai.

Nimeichapisha ripoti na kuisoma mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza ni wa benki yenyewe: unasema deni limefutwa vitabuni kama hasara, lakini salio bado linasomeka dola 2,340. Wa pili ni wa kampuni ya kukusanya madeni, yenye dola 2,340 zilezile. Wa tatu ni wa kampuni nyingine ambayo sijawahi kuisikia, nayo imeandika dola 2,612 na kudai kwamba nilianza kuchelewa Januari 2023. Namba za akaunti hazifanani, ila kampuni zote mbili zimeitaja benki yangu kuwa mdai wa awali.

Rafiki mmoja ananishauri niandike kwamba madeni yote matatu si yangu. Mwingine anasema niilipe haraka kampuni ya pili, ile ya mstari wa tatu, ili yaishe. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kupitia jambo hili.

KaratasiKwanza amejibu:

Dada, pole, na hongera kwa kuisoma ripoti yako mwenyewe badala ya kutegemea maneno ya afisa. Nimekuwa nikiwasaidia wanunuzi wa nyumba kuandaa majalada yao kwa miaka kadhaa, na kosa hili nimeliona mara nyingi.

Kwanza, usiandike kamwe kwamba deni si lako. Hilo si kweli, na pia halitakusaidia. Ofisi ya taarifa za mikopo, yaani kampuni inayotunza na kutoa ripoti hizi, ikishapokea pingamizi lako, hulipeleka kwa mdai kupitia mfumo wa kompyuta likiwa limefupishwa kuwa namba ya aina ya pingamizi na maelezo machache. Ukisema "si langu", mdai atalinganisha jina, anwani na namba yako ya hifadhi ya jamii, ataona vinafanana, atajibu kwamba taarifa ni sahihi, na jalada litafungwa. Kosa lenyewe, yaani deni moja kuhesabiwa mara tatu, halitakuwa limeguswa na mtu yeyote.

Pili, elewa kwamba mistari miwili kwa deni moja si lazima iwe kosa. Benki inaruhusiwa kubakiza historia ya akaunti yake, na kampuni iliyolinunua deni inaruhusiwa kuwa na mstari wake. Lakini benki ikishaliuza deni, salio lake linapaswa kuwa sifuri, na mstari ueleze kwamba deni limeuzwa. Vivyo hivyo, kampuni ya kwanza ikishalirudisha au kuliuza deni, haina tena haki ya kuonyesha kwamba unadaiwa nayo. Wakati wowote anayemiliki deni ni mmoja, kwa hiyo salio linapaswa kusomeka mahali pamoja tu.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuandika pingamizi lolote, iandikie benki barua fupi ukiuliza mambo mawili: je, deni liliuzwa au lilikabidhiwa tu kwa wakusanyaji, na kama liliuzwa, lini na kwa nani. Jibu hilo litakuwa ushahidi wako mkubwa kuliko maelezo yoyote utakayoyatunga.

MzeeWaMinneapolis amejibu:

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila ningependa tuitazame zaidi ile tarehe ya Januari 2023, kwa maana kwangu hilo ni kosa zito kuliko hata zile dola zilizoongezeka.

Sheria ya Marekani ya taarifa za mikopo ya mwaka 1970, ambayo hapa huitwa FCRA, inaruhusu deni la namna hii likae kwenye ripoti kwa miaka 7, na hesabu huanza siku 180 baada ya kuanza kwa uchelewaji uliofanya benki ilifute deni vitabuni. Kwako ni Machi 2021, kwa hiyo mistari yote inapaswa kuondoka karibu na Septemba 2028. Kwa tarehe iliyoandikwa na kampuni ya pili, mstari wake ungebaki hadi karibu Julai 2030. Kuuzwa kwa deni hakubadilishi tarehe hiyo hata kidogo, na hata likiuzwa mara kumi, saa ni ileile iliyoanza kuhesabu benki ilipokosa malipo yako.

Kuhusu kulipa haraka, ninakusihi usubiri. Kwanza huna hakika kama kampuni hiyo ndiyo inayomiliki deni, na ukimlipa asiyestahili, anayestahili bado atakudai. Pia katika majimbo kadhaa malipo kidogo tu yanaweza kuanzisha upya muda ambao mdai anaruhusiwa kukushtaki mahakamani. Ikiwa kampuni hiyo ndiyo kwanza imekutumia taarifa yake ya deni, una siku 30 tangu uipokee kuikatalia kwa maandishi na kudai uthibitisho, na mpaka ikuletee uthibitisho huo inapaswa kusimamisha ukusanyaji. Waulize pia zile dola 272 za ziada zimetoka wapi, kwa kuwa mkusanyaji haruhusiwi kudai riba au ada ambayo mkataba wako au sheria haikuiruhusu.

KaratasiKwanza ameongeza:

Asante, Mzee. Sasa nieleze barua yenyewe.

Andika kwa kila ofisi ambayo ripoti yake ina kosa hilo, yaani Equifax, Experian na TransUnion, kwa sababu kila moja ina hifadhi yake. Ripoti zote tatu unaweza kuzipata bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com. Mimi hupendelea barua ya posta iliyosajiliwa, yenye risiti ya kupokelewa, kuliko fomu ya mtandaoni, maana barua inakupa nafasi ya kueleza na kuambatanisha, na risiti inathibitisha siku ambayo hesabu imeanza. Ambatanisha nakala ya kitambulisho, uthibitisho wa anwani, kurasa za ripoti ambazo mistari hiyo umeizungushia wino, na jibu la benki. Nakala halisi baki nazo wewe.

Maneno yawe machache na yasiyo na utata. Kwa mfano: "Mistari hii mitatu ni deni moja lililoanzia benki hii. Ninaomba salio la benki lisomeke sifuri kwa kuwa deni liliuzwa, mstari wa kampuni ya kwanza uondolewe kwa kuwa haimiliki tena deni, na tarehe ya kampuni ya pili irekebishwe iwe Machi 2021." Mtu akisoma hapo hawezi kujibu kwa kulinganisha jina lako tu.

Ofisi ina siku 5 za kazi kumfikishia mdai pingamizi lako, na siku 30 kulichunguza, ambazo zinaweza kufika 45 ukileta nyaraka mpya katikati. Unaweza kuwaandikia wadai moja kwa moja pia, lakini usiiruke ofisi. Haki yako ya kumshtaki mdai kwa kutochunguza ipasavyo huzaliwa pale tu pingamizi lilipopitia kwenye ofisi hizo. Watu wengi hulijua hili wakiwa wameshachelewa.

Mwambie pia afisa mikopo wako sasa hivi kwamba unaandika pingamizi. Wakopeshaji wengi wa nyumba husimamisha ombi wanapoona mstari wenye alama ya pingamizi, na ni bora alijue mapema.

MtangaWaOhio amerudi baada ya wiki saba:

Ninawashukuru kwa dhati. Benki ilijibu kwamba iliuza deni Novemba 2022, na kampuni ya pili ndiyo iliyolinunua. Ile ya kwanza ilikuwa imekabidhiwa kukusanya tu, na jalada lilikwisha kurudishwa. Nilituma barua tatu. Ofisi mbili zimeondoa mstari wa kampuni ya kwanza, zimeweka sifuri kwa benki, na tarehe imerudi Machi 2021. Ofisi ya tatu imenijibu kwa sentensi moja kwamba taarifa "zimethibitishwa". Je, nianze upya?

MzeeWaMinneapolis amejibu:

Usianze upya, dada yangu, endelea ulipofika. Waandikie ukidai maelezo ya namna walivyochunguza na jina la aliyewathibitishia, na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 15. Katika barua hiyohiyo ambatanisha matokeo ya ofisi mbili zilizorekebisha pamoja na barua ya benki, kwa kuwa mdai anayegundua kosa anapaswa kulirekebisha kwa ofisi zote alizozipelekea taarifa hiyo. Siku hiyohiyo wasilisha malalamiko kwa CFPB, ofisi ya serikali kuu inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, ukiambatanisha nyaraka zote. Wakikataa tena, tafuta wakili wa kesi za FCRA. Wengi hawatozi malipo ya awali, maana ukishinda sheria humlazimisha aliyekosea kulipa gharama za wakili wako, na una miaka 2 tangu ulipoligundua kosa.

Na afisa mikopo wako akipata matokeo ya ofisi hizo mbili, mwombe aagize ukokotoaji upya wa haraka wa alama zako za mikopo, yaani namba ambayo wakopeshaji hukupimia. Hilo huagizwa na mkopeshaji, na huchukua siku chache tu.