Lekcha katupa sifuri ya asaimenti ya grupu, CA yangu (alama za kabla ya mtihani wa mwisho) imeishia 14. Nikate rufaa wapi?

Kijana wa Bumu
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa pili chuo kimoja cha biashara hapa Dar, nasoma uhasibu na fedha. Juzi CR, kiongozi wa darasa, kabandika karatasi ya CA ya usimamizi wa fedha, jina langu lina 14 kati ya 40. Kwetu bila 16 huingii UE, yaani mtihani wa mwisho, unakeri somo mpaka mwakani.

Mchanganuo ni huu: testi ya kwanza ina alama 15, nimepata 8. Ya pili nayo 15, nimepata 6. Asaimenti ya grupu ni alama 10, tumepewa sifuri. Sifuri wakuu! Kurasa 11, tumebaindi na plastiki juu. Tuko sita, wenzangu wamepona kwa sababu testi zao zilikuwa nzuri, nimezama mimi peke yangu.

Huyu lekcha ana bifu na mimi tangu nimuulize swali darasani akababaika. Mitihani inaanza Jumatatu ijayo. Nyumbani hawajui chochote na usiku silali. Rufaa inaanzia wapi?

Chachandu
Nimewahi siti ya mbele. Karanga tafadhali.

Mzee wa Ledja
Pole dogo. Sisi 2004 tulikuwa tunakokotoa NPV (thamani ya leo ya pesa za mradi ukitoa mtaji) kwa jedwali la vigawo lililotolewa fotokopi mpaka tarakimu zimefutika, tatu huijui kama ni nane. Nilipata CA ya 17, nikaingia UE na homa ya malaria, nikatoka na B. Yule mwalimu tuliyekuwa tunamchukia ndiye aliyekuja kuniandikia barua ya kazi yangu ya kwanza. Usimchukie mtu.

Mama Wawili
Mwanangu, tuanzie kwenye hiyo 6 kati ya 15. Hapo bifu liliandika nini?

Kijana wa Bumu
Mama, testi ya pili aliweka vitu ambavyo hakufundisha. Ila hoja yangu ni asaimenti.

Jirani wa Nairobi
Pole sana ndugu. Huku kwetu CAT ni 30 na mtihani ni 70, kwa hivyo ukianguka CAT bado unaweza kujikokota. Nyinyi 40 kwa 60 halafu kuna lango katikati? Hiyo ni ngumu.

Dada Mizania
Nimewahi kufundisha vipindi vya mazoezi ya somo hilohilo, kwa hiyo nakuuliza kwa nia njema. Asaimenti ya fedha haisahihishwi kwa jibu la mwisho tu. Kuna alama za kupanga mtiririko wa fedha mwaka kwa mwaka, za kueleza kwa nini umetumia riba ile, za hesabu yenyewe, na za uamuzi: mradi tuukubali au tuukatae na kwa nini. Mtu akikosea hesabu yote lakini kapanga vizuri, bado anaondoka na tatu au nne. Sifuri kwa kurasa 11 maana yake hakusahihisha kabisa, kaadhibu. Aliandika nini juu ya karatasi?

Kijana wa Bumu
Aliandika kwa kalamu nyekundu "linganisha na kundi la 9". Sisi ni kundi la 4. Sijui alimaanisha nini.

Chachandu
Hujui alimaanisha nini 🤣🤣 Karanga zimeshafika, endeleeni.

Dada Mizania
Mdogo wangu, weka swali lenyewe hapa na jibu lenu.

Kijana wa Bumu
Mradi unahitaji milioni 10 leo, unaingiza milioni 4 kila mwaka kwa miaka mitatu, riba ya 10%. Jibu letu NPV ni hasi 47,811. Tukasema mradi ukataliwe. Na ni kweli unakataliwa! Kwa hiyo jibu liko sahihi.

Dada Mizania
Uamuzi uko sahihi, namba siyo. Milioni 4 za miaka mitatu kwa 10% zina thamani ya leo ya 9,947,408. Toa milioni 10, unabaki na hasi 52,592. Hiyo 47,811 yenu ni 52,592 kugawa kwa 1.1. Aliyefanya kaingiza namba zote nne ndani ya fomula ya NPV ya Excel, pamoja na ile milioni 10 ya leo. Excel inachukulia kwamba namba ya kwanza inatokea mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo ikapunguza na pesa ambayo tayari imeshatoka mfukoni. Wanafunzi wengi wanaangukia hapo. Ila nakisia kundi la 9 nalo lina 47,811, tena na maelezo yaleyale.

Mzee wa Ledja
Huyu dada ni hatari. Sisi wa jedwali tusingekosea hapo, mwaka sifuri kigawo chake ni moja, basi.

Mpenda Hatifungani
Tukiacha hayo, vijana someni hatifungani za serikali za miaka 20 na 25, unaanza na milioni moja tu, riba inaingia mara mbili kwa mwaka umelala. Mambo ya NPV mtayakuta mbele.

Mama Wawili
Kaka, mtoto hana hata CA unamletea milioni moja.

Kijana wa Bumu
Sawa wakuu, niseme ukweli ila msinihukumu. Wiki ile tulikuwa na asaimenti nne. Kuna kaka mmoja ana steshenari nje ya geti, amemaliza hapohapo chuoni, huwa anasaidia watu. Tukachanga elfu kumi kila mtu akatufanyia. Sikujua kama kauza na kwa kundi la 9. Kwa hiyo na sisi tumetapeliwa, au siyo? Kosa ni la yule kaka.

Chachandu
Mwizi kaibiwa anaulizia kituo cha polisi.

Dada Mizania
Basi usiandike rufaa ya kusahihishiwa upya. Rufaa hiyo ni ya mtu aliyefanya kazi yake akapunjwa alama. Nenda kwa lekcha kabla suala halijafika kamati ya mitihani, kubali, omba kazi mbadala kwa grupu zima hata kama alama zitakatwa nusu. Unahitaji mbili tu kufika 16.

Kijana wa Bumu
Dada nashukuru, tatizo barua nimeshapeleka jana kwa mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa chuo. Nimeandika kwamba tulishiriki wote sita kikamilifu na kwamba lekcha ana chuki binafsi. Siwezi kurudi nyuma, nitaonekana mwongo.

Mama Wawili
Nitaonekana! Haya.

Ustadh wa Jioni
Kijana, elimu ya kununua haina baraka. Kesho utakuwa mhasibu wa msikiti au wa VICOBA ya mama zetu, utatuletea mizania ya steshenari. Tubu kwanza, mengine yatafuata.

Nyundo ya Jamvi
Samahani, mimi hii naiona chai. Someni vizuri. Juu kasema wako sita. Kila mtu elfu kumi. Mkuu, mlimlipa huyo kaka shilingi ngapi?

Kijana wa Bumu
Elfu hamsini. Si chai mkuu, risiti ya muamala ninayo.

Nyundo ya Jamvi
Sita mara kumi ni sitini. Ama hakuna grupu, hakuna steshenari, umekaa kitandani unatutungia, ama kuna elfu kumi imepotea njiani.

Mpenda Hatifungani
Mtu wa fedha huyo!

Mzee wa Ledja
Dogo jibu. Ukaguzi umeanza.

Jirani wa Nairobi
Mimi pia nilikuwa nimeamini 😂

Kijana wa Bumu
Sio hadithi. Mimi sikuchanga. Nilikuwa kiongozi wa grupu, ndiye niliyemtafuta yule kaka, nikaprinti, nikaenda kubaindi. Hiyo nayo ni kazi. Hata ofisini mratibu hachangi.

Chachandu
MRATIBU HACHANGI. Nabadilisha jina la akaunti leo.

Mama Wawili
Kwa hiyo wenzako watano wametoa pesa, wamepata sifuri, na kwenye barua umewasainisha?

Kijana wa Bumu
Nimeandika majina yao tu. Sahihi niliweka mimi kwa niaba.

Dada Mizania
Mdogo wangu. Kesho saa mbili asubuhi uwe mlangoni kwa mkuu wa idara, uiombe hiyo barua irudi kabla hajaifungua. Sahihi za watu ni jambo jingine kabisa, hapo hatuzungumzii tena kukeri somo.

Mzee wa Ledja
Hapo ni kudisko, kufukuzwa chuo moja kwa moja. Kimbia.

Kijana wa Bumu
Wakuu, kuna mtu sasa hivi katuma linki ya huu uzi kwenye grupu letu la WhatsApp. Hajaandika neno. Tiki zote zimekuwa za bluu.

Kijana wa Bumu
Mods naomba mfute huu uzi.

Nyundo ya Jamvi
Nafuta kauli, si chai. Picha ya skrini nimeshapiga.