Re: Intavyu ya PGCE, mwenye uzoefu anisaidie

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Moshi, Soweto, mume wangu yuko Reading, England, na mimi natarajia kumfuata. Nimeomba PGCE (kozi ya ualimu ya kule kwa wenye shahada) ya hisabati sekondari, wameniita intavyu ya mtandaoni. Nimefundisha Form One na Two hapa mjini ila sijui kule wanauliza nini hasa. Naombeni mwongozo.

---

Marahaba mdogo wangu, hongera sana kwa kuitwa. Mimi nilisoma PGCE huko huko England nikafundisha, sasa nimerudi Arusha niko Njiro.

Waliokujibu wamesema vaa vizuri, ongea polepole, sawa, ila ninavyoona mimi kinachoangusha watu wetu siyo Kiingereza wala hesabu, ni maswali kuhusu mtoto. Jiandae na hili: mwanafunzi anakufuata baada ya kipindi anasema mwalimu nina kitu nataka kukwambia ila usimwambie mtu, utafanyaje? Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima anatunza siri, kwa hiyo jibu linalotoka lenyewe ni kwamba nitamwahidi ili aniamini. Usijibu hivyo kabisa. Kule mwalimu haahidi siri. Unamwambia kwa upole kwamba utamsikiliza, ila likiwa jambo la usalama wake itabidi umwambie anayehusika, halafu unasikiliza bila kumhojihoji wala kumwekea maneno mdomoni, unaandika alivyosema kwa maneno yake, na siku hiyo hiyo unapeleka kwa mwalimu aliyeteuliwa kwa ulinzi wa watoto, kila shule inaye. Usikimbilie kumpigia mzazi, maana huyo mzazi anaweza akawa ndiye tatizo. Kuna mwongozo wa serikali unaitwa Keeping Children Safe in Education, uko bure mtandaoni, soma ile sehemu ya kwanza yote, usiruke.

Halafu nidhamu. Sheria ya 1986 iliondoa viboko kwenye shule za serikali Uingereza, na za binafsi za England zikafuata kwa sheria ya 1998. Kwetu kanuni bado zinaruhusu, na wao wanaweza wakawa wanajua. Wakikuuliza darasa likikushinda utafanya nini, usianze kueleza fimbo hata kwa kusema huku kwetu ndiyo kawaida, eleza ulichofanya wewe bila fimbo: kumhamisha kiti, kumwita pembeni badala ya kumfokea mbele za wenzake, kurekebisha zoezi kwa sababu wengi wanaosumbua hawajaelewa somo. Na hili nakwambia kama mwalimu mwenzako siyo kwa ajili ya intavyu tu, mtoto anayekuogopa haulizi swali, na hesabu bila kuuliza haiendi.

Sasa nguvu yako iko hapa, na sijaona mtu amekwambia. Watoto wako wa Form One wametoka msingi wakisoma hisabati kwa Kiswahili, ghafla wanakutana nayo kwa Kiingereza, na wewe ndiye unayewavusha. Shule nyingi za England zina watoto ambao nyumbani wanaongea Kisomali, Kipolandi, Kiurdu, na wanatafuta mwalimu anayejua kufundisha mtoto wa hivyo. Lete mfano mmoja wa kweli, mtoto alikwama wapi, wewe ukafanya nini, akafika wapi.

Wakikupa dakika chache za kufundisha, andalio la somo liwe na kitu kimoja tu. Mfano nusu jumlisha theluthi, mtoto anakwambia ni mbili ya tano. Usimwambie amekosa, muulize mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu, anyamaze afikirie. Wanachoangalia ni unavyomsikiliza.

Vyeti anza mapema: tathmini ya ENIC (wanaolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza), wadhamini wawili, na cheti cha polisi cha tabia njema cha hapa kwetu, kwa sababu ukaguzi wao wa DBS (wa rekodi za makosa ya jinai) hauoni rekodi za nchi nyingine.

Ukishuka Arusha karibu Njiro tufanye mazoezi, mimi nitakuwa msaili.

---

Naongezea la saa tu, dada. Saa nne asubuhi ya kule (wao wanaandika 10:00), kipindi cha baridi ni saa saba mchana Moshi, ila wakisogeza saa mwisho wa Machi inakuwa saa sita, kwa hiyo angalia tarehe uliyopewa. Na umeme usiuamini, chaji laptop usiku na uweke bando kwenye laini mbili.